Nusu Digrii Shambani kwa Mama Ndunge

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa Septemba, nilipopiga kigingi cha kwanza katika shamba la Mama Ndunge. Saa hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliisoma kwenye simu, na siku ile sikuwa nikitazama kitu kingine chochote.

Shamba lenyewe lipo kwenye vilima vya Mbooni, mahali ambapo njia ni kali kiasi kwamba wa boda boda humshusha abiria atembee, kisha humsubiri juu akimcheka. Wewe uliyezaliwa ukakuta mashamba yetu yamepangwa kama ngazi unaweza kudhani vilima viliumbwa hivyo. Kila ngazi unayoiona ilichimbwa na watu. Mtaro unachimbwa ukikatisha mteremko, udongo unarushwa upande wa juu, tuta linajengeka, na mvua ikija maji yanakosa njia ya kukimbia. Yanakaa mtaroni na kuzama polepole mpaka kwenye mizizi ya mahindi na pojo. Lakini mtaro huo sharti uwe sawa kabisa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiinama upande mmoja hata kidogo, maji yote yanakimbilia upande huo, yanapasua tuta, na unakuwa umejichimbia korongo kwa mikono yako mwenyewe.

Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Hufanywa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaozunguka shamba kwa shamba, leo kwangu, kesho kwako. Wetu ulikuwa na watu thelathini na mmoja, wengi wao kina mama, na kila shamba lilipewa siku mbili kwa msimu. Zamu yako ikipita, unangoja msimu mwingine. Mama Ndunge alikuwa mjane, na kwa misimu miwili mfululizo mvua ilikuwa imembebea udongo pamoja na mbegu alizopanda. Alihitaji mitaro miwili, mmoja juu na mmoja chini, kabla ya mvua ya Novemba. Siku zake mbili zilikuwa Jumanne hiyo na Jumatano yake.

Aliyetupimia mistari miaka yote ni Susu Kalunde. Susu kwetu ni nyanya. Hakuwa nyanya yangu wa damu, lakini hakuna mtu kijijini aliyemwita vinginevyo. Chombo chake kilikuwa fremu ya mbao yenye umbo la herufi A: miguu miwili iliyoungana juu, ubao mmoja ukikatisha katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Ukiisimamisha fremu ardhini na kamba ikapita kwenye alama iliyochongwa katikati ya ule ubao, basi miguu yote miwili ipo usawa mmoja. Unapiga kigingi, unazungusha mguu mmoja mbele, unatafuta usawa tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Susu hakujua kusoma, na sikumbuki mtaro wake hata mmoja uliowahi kupasuka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba. Shule niliiachia kidato cha pili, na tangu hapo nilijifundisha mwenyewe kila nilichokijua: kutengeneza redio, kufunga sola, kurekebisha pampu za maji. Nilikuwa na kibanda sokoni Mbumbuni, na ndani ya kibanda nilikuwa na daftari ambalo niliandika kila nilichojifunza, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka huo nilinunua simu ya kupangusa, ya kwanza katika kijiji chetu. Sitakuficha furaha niliyokuwa nayo. Kabla ya simu ile, nikitaka kujua jambo moja tu kuhusu betri ya sola, ilibidi nisafiri mpaka Machakos kumtafuta fundi fulani, na fundi huyo awe ameamka vizuri. Sasa niliuliza nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, nikajibiwa kwa picha na video. Kwa miezi mitatu nilijifunza mengi kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Nakwambia hivi mapema ili usije ukadhani hadithi hii ni ya mzee anayeichukia simu.

Siku moja nikakuta kwenye simu hiyo programu ya kupima mwinamo. Unailaza simu juu ya kitu, inakuandikia digrii. Niliilaza kwenye kaunta ya kibanda changu, ikasoma nusu digrii. Nikaamua kwamba kaunta imeinama, nikatafuta kipande cha mbao, nikakichomeka chini ya mguu mmoja mpaka simu ikasoma sifuri. Baada ya hapo skrubu zilianza kubingirika zenyewe na kuanguka chini. Nililaumu upepo.

Basi Jumanne ile Susu Kalunde hakuja. Alikuwa amekwenda kliniki kupimwa presha, na fremu yake ilikuwa imefungiwa nyumbani kwake. Watu walikwishafika na majembe, sururu na sepetu. Mwenyekiti wa mwethya alikuwa Mwikali, mama mmoja mwenye mikono ya nguvu na maneno ya haraka.

“Bila Susu tutapima na nini?” akauliza. “Macho?”

Nikamwambia ninayo simu inayopima.

“Hiyo simu inajua Mbooni?”

“Inajua dunia nzima,” nikamjibu.

“Haya. Dunia nzima ianzie hapa kwa Ndunge.”

Nikachukua ubao ulionyooka wa mita mbili, nikaulaza ardhini kukatisha mteremko, simu juu yake. Niliinua ubao na kuushusha mpaka simu ikasoma sifuri, nikapiga kigingi. Nikasogea mita mbili nyingine, sifuri tena, kigingi. Nilikuwa mwangalifu sana. Kila mara niliilaza simu ikitazama upande uleule, kwa sababu nilidhani kufanya kitu kwa namna ile ile kila mara ndiyo kukifanya vizuri. Vigingi arobaini, mita themanini. Nyuma yangu watu wakaanza kuchimba, na wakati jua linaelekea kushuka mtaro wa juu ulikuwa umekamilika, mpana na safi, tuta limepigwa kwa sepetu likang'aa. Mama Ndunge alitembea juu yake mara mbili. Wakati wa kula alinijazia sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, kuliko ya mtu mwingine yeyote, akaniambia, “Mungu akuzidishie akili, Mutua.” Nilikula nikiamini kwamba Mungu ameshazidisha.

Jumatano saa mbili asubuhi Susu Kalunde alifika. Alikuwa amevaa gambuti za marehemu mumewe, kitambaa cha kina mama wa kanisani kichwani, fremu begani. Alisimama mwanzo wa mtaro akautazama kwa muda mrefu bila kumsalimia mtu, na hilo halikuwa kawaida yake.

“Nani alipima huu?”

“Injinia,” Mwikali akasema, akininyooshea mpini wa sururu. “Alipima na simu.”

“Simu ikasema nini?”

“Sawa kabisa, Susu,” nikasema. “Sifuri kila mahali.”

Hakubishana nami. Aliingia mtaroni akatembea polepole mpaka mwisho, kisha akageuka akarudi. Alipotufikia alishika kiuno.

“Nikienda kule napumua vizuri,” akasema. “Nikirudi napumua kwa shida. Na jana daktari ameniambia nisipande vilima.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu mmoja akatoa wazo tumwage debe moja la maji mtaroni tuone yataelekea wapi, na hapo Mama Ndunge akageuka haraka.

“Maji gani? Yale niliyoyafukua kwenye mchanga wa mto tangu saa kumi alfajiri? Mwageni chai yenu.”

“Hakuna haja ya kumwaga kitu,” Susu akasema. “Mutua, weka ile mbao yako, na simu juu yake, kama jana.”

Nikaulaza ubao kati ya vigingi viwili vya jana. Simu ikasoma sifuri. Nikamwonyesha Mwikali, naye akawasomea wengine kwa sauti.

“Sasa igeuze,” Susu akasema. “Kichwa cha simu kije huku, miguu iende kule. Mbao usiiguse.”

Nikaigeuza. Simu ikasoma digrii moja.

Nikairudisha: sifuri. Nikaigeuza tena: moja. Ubao haukuwa umesogea hata unywele. Nilifanya hivyo mara nne, mwanangu, na kila mara nilitumaini kwamba simu itaona aibu ibadilishe jibu.

“Mbao ni hiyo hiyo,” Susu akasema. “Haiwezi kuwa imelala na imeinama saa ile ile. Hapo kuna mmoja anasema uongo, na mbao haina mdomo.”

Nikasema labda programu imeharibika.

“Ivue nguo kwanza.”

Alimaanisha kava ya raba niliyokuwa nimeivalisha simu. Nikaivua, na mbele ya watu thelathini ikaanguka noti ya shilingi mia mbili, imekunjwa mara tatu. Niliiweka humo mwenyewe siku niliyonunua kava, iwe nauli ya boda boda ya dharura, halafu nikaisahau. Ilikuwa imelala upande wa juu wa simu, ikiunyanyua kwa unene wa kama milimita moja.

Kisha Mwikali akasema, “Kumbe simu ilikuwa imekalia pesa. Hata mimi nikikalia mia mbili nitainama.”

Hapo hata Mama Ndunge alicheka, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na sababu ndogo zaidi ya kucheka. Mwikali aliiokota ile noti, akamkabidhi jirani mmoja aende dukani kuleta sukari, na hakuna aliyeniuliza kama nimekubali.

Niliketi kwenye tuta nikapiga hesabu kwenye daftari, kwa kuwa hesabu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki upande wangu. Milimita moja chini ya upande mmoja wa simu ni nusu digrii. Nusu digrii katika ubao wa mita mbili ni chini ya sentimita mbili, unene wa kidole, na hakuna jicho linaloweza kuuona kwenye kilima. Lakini nilikuwa nimeirudia mara arobaini, kila mara kwa upande uleule. Mwisho wa mtaro ulikuwa chini ya mwanzo wake kwa karibu sentimita sabini. Mvua moja nzuri ingetosha kuupasua. Na simu haikuwa imesema uongo hata mara moja. Nilikuwa nimeiuliza ardhi imeinama kiasi gani, nayo ilinijibu jinsi yenyewe ilivyoinama, kwa sababu hiyo ndiyo tu iliyoweza kujua.

Susu Kalunde alikuja akaketi karibu nami, akailaza fremu yake magotini. Nilitegemea anigombeze. Badala yake alinionyesha ule ubao wa katikati. Haukuwa na alama moja kama nilivyodhani siku zote. Ulikuwa na alama nyingi, zimechongwa kwa kisu, nyingine zimekaribiana sana, na zile za zamani zimekwaruzwa. Akaniambia kwamba kila msimu, kabla hajapima shamba la mtu yeyote, anaisimamisha fremu mahali pamoja, anaweka alama pale kamba inapopita, kisha anaigeuza, mguu wa kulia akiuweka ulipokuwa wa kushoto, na kuweka alama ya pili. Usawa wa kweli upo katikati ya hizo mbili. Anachonga hapo, anaikwaruza ya mwaka uliopita.

“Miaka yote hii, Susu? Kwani huiamini fremu yako mwenyewe?”

“Mguu unaliwa na mchwa,” akasema. “Unaliwa na mawe. Naijua, ndiyo maana naiuliza.” Kisha akaitazama simu mkononi mwangu. “Mimi sijakasirikia hiyo simu. Ni kitu kizuri. Nimekukasirikia wewe, kwa sababu umeiuliza mara moja tu, na upande mmoja tu. Halafu ukaenda ukachimbisha watu.”

Hayo tu. Akanyanyuka akaibeba fremu yake.

Lakini tatizo lilikuwa bado lipo, na halikuwa langu, lilikuwa la Mama Ndunge. Jumatano yote ingeishia kuufukia mtaro ule na kuuchimba upya. Mtaro wa chini usingechimbwa, na wa juu peke yake usingeweza kuzuia maji ya kilima kile. Alhamisi mwethya ulitakiwa kuhamia shamba jingine. Mama Ndunge alikuwa ameketi chini, akichambua majani makavu kwenye kanga yake bila kuyatazama.

“Basi huo wa chini nisahau,” akasema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. “Nitapanda hapa juu tu.”

Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, si la simu wala la Mama Ndunge, na kwamba nitauchimba mtaro wa chini peke yangu hata ukinichukua mwezi. Mwikali alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

“Mwezi,” akasema. “Na hiyo mikono ya kushika waya? Mvua itakupata umechimba kaburi la kuku.”

Kisha akahesabu siku kwa vidole. Shamba lililofuata kwa zamu, la Alhamisi na Ijumaa, lilikuwa lake.

“Kwangu si kilima kikali kama hapa,” akasema mwishowe. “Siku moja itanitosha. Kesho mrudi hapa kwa Ndunge. Lakini chakula cha leo na kesho asiguse Ndunge, ni cha injinia. Na Ijumaa nikifika shambani kwangu nimkute ameshaanza kuchimba, nione mgongo wake kabla sijaona jua.”

Watu wakakubali. Mama Ndunge alifunga kanga yake upya, akachukua jembe, akawa wa kwanza kushuka mtaroni.

Tulipima pamoja, Susu na fremu yake na mimi na simu iliyovuliwa nguo. Kila kigingi alipima yeye, nikapima mimi, nikaigeuza simu nikapima tena. Tulikuwa tukikubaliana kwa tofauti isiyofika upana wa kidole. Kwenye kigingi cha kumi na saba cha mtaro wa chini tulikataana kabisa. Nikaanza kukisogeza kigingi kwenda alipotaka yeye. Lakini Susu aliinama akapapasa, akakuta mguu wa fremu umepanda juu ya jiwe lililofunikwa na udongo. Akaling'oa akalirusha mbali chini ya mteremko.

“Hapo simu ilikuwa sawa,” akasema.

Jioni ya Alhamisi mitaro yote miwili ilikuwa imekamilika. Ijumaa nilichimba kwa Mwikali tangu gizani mpaka malengelenge yakapasuka, na kila akipita alinihesabia. Jumamosi nilikwenda Mbumbuni, nikakitoa kile kipande cha mbao chini ya kaunta, na skrubu zikatulia.

Mvua ilikuja katikati ya Novemba, Jumapili, tukiwa kanisani, ikapiga bati mpaka mchungaji akakatisha mahubiri. Ilipopungua nilipanda kwa Mama Ndunge na viatu mkononi. Nilimkuta amesimama juu ya tuta la juu, gunia kichwani kama kofia. Maji yalikuwa yamejaa mtaroni tangu mwanzo hadi mwisho, ya rangi ya udongo, yametulia. Nilikuwa nimekuja na kijiti chenye alama za sentimita. Nikapima mwanzo, nikateleza na kujikokota nikapima mwisho. Ishirini na mbili, na ishirini na moja. Nikarudi kumwambia namba hizo.

Hakuzisikiliza. Alikuwa akiyatazama maji.

“Yamekaa, Mutua,” akasema. “Yamekaa.”

Mtaro wa chini ulikuwa vivyo hivyo. Msimu ule alivuna pojo na mahindi ya kutosha kula na ya kubakiza mbegu, na ngazi hizo mbili zipo mpaka leo.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu siku hizi wazazi wenzangu wananiuliza kama nimewaruhusu watoto wangu kusoma na simu. Wanajua mimi ni mtu wa vyombo, na wanatarajia nitoe sheria. Wengine wangependa kusikia kwamba simu inaharibu akili, wapate sababu ya kuifungia kabatini. Wengine wangependa kusikia kwamba inatosha yenyewe, wasijisumbue tena na daftari za watoto. Siwezi kuwapa lolote kati ya hayo. Kila nilichojifunza baada ya kidato cha pili nimekipata kwa watu na kwa simu, na sijui kipi kilinifaa zaidi.

Dada yako Mueni yupo sasa kwenye masomo ya hesabu za maumbo. Juzi alipewa swali la tangi la maji la duara lenye upana wa mita mbili kutoka ukingo hadi ukingo na kimo cha mita tatu, aseme linabeba lita ngapi. Akaiuliza simu, nayo siku hizi inajibu kama mwalimu aliyeketi mbele yako. Ikampa lita elfu thelathini na saba na mia saba. Alikuwa anaanza kuandika jibu, kisha akaacha kalamu akatoka nje. Nikamsikia akizunguka tangi letu, lililoandikwa ubavuni lita elfu kumi, na ambalo kwa macho halina tofauti kubwa na lile la kwenye swali. Akarudi akicheka.

“Baba, nimeipa upana wote mahali ilipotaka nusu ya upana.”

Akapiga upya. Lita elfu tisa na mia nne hivi. Simu haikuwa na kosa mara ya kwanza wala mara ya pili. Ilijibu alichoiuliza. Nilikwenda jikoni nikamwekea chai.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Jifunze kwa simu, bila woga na bila kuomba radhi kwa mtu. Iulize maswali ambayo mimi nilipokuwa na umri wako sikuwa na wa kumwuliza. Lakini usiulize mara moja kisha ukachimba. Ligeuze jibu. Lirudishe ndani ya swali uone kama linaingia. Uliza jambo hilo hilo kutoka upande mwingine, na majibu yakikataana, furahi, kwa sababu umegundua kigingini na si baada ya mvua. Zima simu umweleze mtu mwingine ulichojifunza kwa maneno yako, na pale utakapokwama ujue hapo hujajifunza bado. Mtafute pia mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono, hata kama hajui kusoma, umwombe atembee juu ya mtaro wako.

Na jibu likikupendeza sana, vua kava. Mara nyingi hitilafu haipo ndani ya chombo. Ipo katika kitu ulichokiweka wewe mwenyewe kati yake na ardhi: haraka yako, au hamu yako ya kuonekana unajua, au jambo ulilolihifadhi zamani ukalisahau. Ukishaliona, litoe mbele ya wale waliochimba kwa sababu yako. Watacheka. Waache wacheke, kisha chukua jembe.

Mungu akupe maswali mengi na subira ya kuyauliza mara mbili. Akupe walimu wasiochoka kukuambia ugeuze, na majirani watakaokuachia siku yao moja. Mvua ikija, maji yako yakae.

Na kwa kuwa napenda hesabu iliyofungwa: sukari, majani ya chai, maziwa, mahindi na maharagwe ya kuwalisha watu thelathini na mmoja kwa siku zile mbili yalinitoa shilingi elfu moja mia saba na themanini, pamoja na ile mia mbili ya kwenye kava.